Mficha uchi hazai

Wadau, leo naomba tuongee kiume. Akina dada nao mnakaribishwa, maana mambo haya yakiharibika yanawafika na nyinyi mlio wake, wachumba na dada zetu. Kama una mtoto hapo pembeni anasoma na wewe, mtume dukani kwanza. Mada ya leo ni ya watu wazima.

Habari hii niliipeleka gazetini. Mhariri wangu alisoma kichwa cha habari tu, akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Kijana, watu wanalisoma hili gazeti wakinywa chai na watoto wao." Sikubishana. Yeye ana gazeti lake la kulinda na mimi nina ukurasa wangu huu ambao chai yake kila mtu anajipikia mwenyewe. Basi niseme waziwazi: nazungumzia wanaume wanaotoboa uume na kuvaa pete au kipini.

Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo. Sitamtaja jina wala kazi. Alinipigia simu usiku akaniuliza, "Kaka, wewe mwandishi unajuana na watu. Nani hapa mjini anatoboa huko chini na mtu akabaki salama?" Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameona picha kwenye simu, ameshaamua, na kilichobaki kwake ni kupata fundi na bei. Nikamwambia anipe wiki mbili niulizeulize. Haya ndiyo niliyoyapata, na mengi nimeyaona yanafaa kwa watu wengi zaidi ya rafiki yangu.

Kwanza tuondoe lile neno la "mambo ya wazungu". Kutoga mwili ni jambo la kale kwetu. Bibi zetu wa Pwani walitoga masikio sehemu kadhaa na wakavaa vipini puani, Wamaasai wananyoosha ndewe za masikio, na Wamakonde walivaa ndonya mdomoni. Hata huko chini, wazungu si wa kwanza. Mwaka 1521 Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na msafara wa Magellan, aliandika kwamba aliwakuta wanaume wa visiwa tunavyoviita leo Ufilipino wakiwa wametoboa uume na kupitisha kijiti cha dhahabu au bati. Katika kisiwa cha Borneo, wanaume wa jamii za Wadayak walikuwa na desturi hiyo pia, na kutokana na neno lao "palang" ndiyo limekuja jina la aina moja inayovaliwa hadi leo, ampallang.

Ila kuna hadithi nyingine ambayo ni ya kutiliwa shaka, nayo ndiyo inayowapumbaza vijana wengi. Aina maarufu kuliko zote inaitwa Prince Albert, na utaambiwa kwamba mume wa Malkia Victoria wa Uingereza alivaa pete hiyo ili suruali yake ya kubana ikae vizuri. Hakuna ushahidi wowote wa jambo hilo. Hadithi hiyo ilisambazwa na tajiri mmoja wa Marekani aliyejiita Doug Malloy, aliyeandika kijitabu katika miaka ya 1970. Rafiki yake Jim Ward alianzisha biashara ya kutoboa watu na kuuza mapambo mwaka 1975, akafungua duka lake lililoitwa Gauntlet huko Los Angeles mwaka 1978, na humo ndimo fani hii kama inavyojulikana leo ilikozaliwa. Kwa hiyo anayekuambia unaingia kwenye ukoo wa wafalme anakuuzia stori. Umri wa fani hii ni kama umri wa wazazi wetu.

Lakini jambo moja la wale jamaa ni la kuchukua. Walikaa wakaandika taratibu za usafi, aina ya chuma, upana wa tundu na muda wa kupona. Mwaka 1994 watoboaji wa Marekani wakaanzisha chama chao cha kusimamia hayo. Picha ya kwenye simu inakuja bila hayo yote. Sisi tunapokea pete, taratibu zinabaki hukohuko.

Sasa tuingie kwenye mwili wenyewe. Prince Albert ni pete inayoingia kwenye tundu la mkojo na kutokea chini, nyuma kidogo ya kichwa cha uume. Ampallang ni fimbo inayopita kwenye kichwa chenyewe kwa upana, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Apadravya inapita kutoka juu kwenda chini. Nyingine hupita kwenye ngozi tu, upande wa chini wa uume. Usidhani zote ni mamoja. Inayopita kwenye ngozi au Prince Albert mara nyingi hupona ndani ya wiki nne hadi nane au zaidi kidogo. Inayopita kwenye kichwa huchukua miezi mingi, wengine hadi mwaka, kwa sababu inapenya kwenye nyama iliyojaa mishipa ya damu. Kutoka damu siku za kwanza ni kawaida. Na ukishatoboa njia ya mkojo, mkojo nao unapata mlango wa pili. Wapo wanaolazimika kukojoa wamechuchumaa au wameketi tangu siku hiyo, hata baada ya kuitoa pete. Vijana wa vyoo vya baa, mmesikia hapo?

Nikaenda kwa jamaa mmoja anayetoga masikio sokoni, kijana mcheshi na mwenye wateja wengi. Nikamuuliza kama anaweza kutoboa huko. "Ngozi ni ngozi, bro," akanijibu, huku akinionyesha bastola yake ya plastiki ya kutogea. Nikamshukuru nikaondoka. Ngozi si ngozi, ndugu zangu. Bastola ile inasukuma hereni butu kwa nguvu mpaka ipasue nyama, na kwa kuwa ni ya plastiki haiwezi kuingizwa kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu kwa joto la nyuzi 121. Kuifuta kwa spiriti hakutoshi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu ambalo hata hulioni.

Halafu hiyo hereni yenyewe. Waya wa hereni ya kawaida una unene wa kama milimita 0.8. Wanaoijua kazi hii huanza Prince Albert na pete nene ya milimita 2 na zaidi, kwa sababu waya mwembamba kwenye nyama laini unakata taratibu, kama uzi unavyokata sabuni. Na fimbo ya kichwani lazima iachiwe urefu wa kutosha, maana kiungo hiki, tofauti na sikio, hakikai saizi moja mchana kutwa na usiku kucha. Hereni za bei chee nyingi zina nikeli, na nikeli huwawasha watu wengi ikawafanyia vidonda visivyopona. Kinachotakiwa ni titani ya daraja lile linalotumika kuwekwa ndani ya mwili hospitalini, au dhahabu halisi ya karati 14 kwenda juu. Ile ya kupakwa rangi ya dhahabu haimo.

Niwape mkasa mmoja sasa, na mwenyewe ameniruhusu kuueleza. Kijana wa mtaani kwetu alitobolewa getoni na mshikaji wake, kwa sindano ya dukani na hereni ya dada mtu. Siku ya tatu akavimba. Akamwagia spiriti. Siku ya tano akafungua kapsuli ya antibayotiki akamwagia ule unga juu ya kidonda, kama tunavyofanya wengi tukijikata mguu. Siku ya nane akapata homa kali akaenda zahanati. Alipoulizwa anasumbuliwa na nini, akasema, "Homa tu na kichwa." Wakampima malaria, hana. Wakampa dawa za maumivu akarudi nyumbani. Siku ya kumi mkojo ulikuwa unatoka kwa matone, mama yake akamsikia akilia chooni, ndiyo ikabidi apelekwe hospitali kwa bajaji.

Na huko nako alipovua, manesi wawili wakaitana kuja kutazama, wakacheka. Alisema kile kicheko kilimuuma kuliko jipu. Daktari aliyekuja baadaye hakucheka. Alilipasua jipu, akatoa usaha, akamlaza siku sita. Kijana yuko hai na ni mzima, ila njia yake ya mkojo imepata kovu na huenda akahitaji kupasuliwa tena.

Nilimtafuta daktari wa aina hiyo, bingwa wa magonjwa ya njia ya mkojo, nikamuuliza tatizo hasa lilikuwa nini. Nilitegemea ataniambia sindano chafu. Alinijibu, "Mdogo wangu, sindano ilikuwa chafu, ni kweli. Lakini maambukizi ya siku ya tatu natibu kwa vidonge. Kilichomfikisha pale ni zile siku saba za kuficha." Akaniambia kuna hali, japo ni adimu, ambapo nyama ya sehemu hizo huanza kuoza kwa saa chache na mtu akapoteza maisha, hasa mwenye kisukari. Huko siku saba huna.

Wadau, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike hapa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tunaupeleka msemo huu kwa wanawake tu. Wanaume tunaficha kuliko wao. Mtu atatoboa kwa siri, ataugua kwa siri, na akifika kwa daktari anasema ana homa.

Linganisheni na tohara. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara kwa wanaume katika nchi zenye maambukizi mengi ya VVU, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha kwamba inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Tanzania nayo ikaingia, na wanaume wazima wa Iringa, Njombe, Mbeya na kwingineko wakajitokeza kwa wingi. Huyo mtu anapewa ushauri kabla, anapigwa ganzi, anakatwa na mtu aliyefunzwa, anarudi kuangaliwa baada ya siku mbili, anarudi tena baada ya siku saba, na anaambiwa akae wiki 6 bila kukutana na mwanamke. Mke anajua, bosi anajua, hata konda wa daladala akiona mwendo ule anakupisha kiti. Kiungo ni kilekile, na kidonda cha tohara ni kikubwa zaidi. Kinapona kwa sababu kina watu wanaokiangalia. Tundu la pete ni dogo na halina faida yoyote ya kiafya, lakini linawaumiza watu kwa sababu lina mtu mmoja tu anayelijua, naye anaona aibu.

Kwa hiyo rafiki yangu aliponipigia tena, sikumpa jina la fundi. Nilimpa maswali, na ninayarudia hapa.

La kwanza, likivimba utamwambia nani? Taja mtu kwa jina na kituo cha afya kwa jina, kabla ya kutobolewa. Kama huna jibu, ishia hapo. Usisome maswali mengine.

La pili, umechanjwa homa ya ini B? Hapa Tanzania chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, uwezekano mkubwa hukuipata. Pima kwanza, kisha uchanjwe. Mtu mzima huchanjwa mara tatu ndani ya miezi 6. Wengi tunaogopa UKIMWI peke yake. Lakini mtu asiye na chanjo akichomwa sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kati ya 100. Kwa VVU ni kama 3 kati ya 1,000. Na ya pepopunda nayo usiisahau.

La tatu, mwili wako una historia gani? Kisukari, selimundu, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, vali za moyo zenye kasoro, au kovu linalotuna kila ukijikata, yote haya yaseme kwa daktari kwanza. Kwa wengine jibu ni hapana moja kwa moja, hasa wenye matatizo ya vali za moyo, kwani vijidudu vikipita kwenye damu vinaweza kwenda kukaa huko.

La nne, anayekutoboa ni nani? Amefunza wapi? Sindano mpya inafunguliwa mbele ya macho yako? Glovu mpya? Mashine ya mvuke iko wapi, na anaweza kukuonyesha? Atakuangalia tena baada ya wiki? Akikasirika kwa maswali haya, mshukuru kama nilivyomshukuru yule wa sokoni. Na kama umekunywa pombe au una miaka chini ya 18, mtu mwenye akili hatakugusa. Huko Wales tangu Februari 2018 kumtoboa mtoto sehemu za siri ni kosa la jinai, hata kama mwenyewe ameomba.

La tano, mwenzako anajua? Nauliza kwa sababu mwili ni wako lakini kitanda ni cha wawili. Mpaka kidonda kipone hakuna kukutana, maana kidonda kibichi ni mlango wazi wa VVU kuingia na kutoka. Baada ya kupona, pete inaweza kupasua kondomu au kuivua. Pia inaweza kumuumiza mwanamke. Wapo wanaojitoboa kwa kuahidiwa kwamba mwanamke "atachanganyikiwa". Muulize wa kwako. Anaweza kukuambia hataki hata kuiona.

Na kwa wale ambao mmeshatoboa mnasoma hapa mkiwa mmekaa upande, siwahukumu. Osheni kwa maji safi na sabuni isiyo kali mara moja au mbili kwa siku, mikono ikiwa safi kwanza. Salaini ya duka la dawa inatosha kusuuzia. Acheni spiriti, majivu, dawa ya meno na unga wa kapsuli. Mkiona usaha, uvimbe unaoongezeka, homa, au mkojo unagoma, msivute pete wenyewe, kwa sababu tundu linaweza kujifunga usaha ukabaki ndani. Nendeni hospitali siku hiyohiyo na mseme ukweli dirishani: "Nilijitoboa uume, una maambukizi." Ni sentensi fupi. Kama mlichomwa kwa sindano iliyotumiwa na mwingine, kuna dawa za kuzuia VVU zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Zimewekwa kwa ajili hiyo.

Nina neno pia kwa dada zangu na kaka zangu wauguzi, ambao nawaheshimu kwa kazi ngumu na mshahara mwembamba. Mnapomcheka mgonjwa mmoja, hamumwumizi yeye peke yake. Atakwenda kusimulia getoni, na wenzake wataamua kubaki nyumbani na jipu lao. Kile kicheko cha wale wawili kina wagonjwa wake ambao hawajafika bado.

Rafiki yangu mpaka sasa hajatoboa. Amechoma sindano ya kwanza ya homa ya ini B na anasema anangoja ya tatu ndipo aamue. Kwangu miezi sita ya kufikiri si haba, na chanjo atabaki nayo hata akiahirisha. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba alikwenda kwa daktari akamweleza alichotaka kufanya, kwa mdomo wake mwenyewe, na daktari akavuta kiti wakaongea nusu saa.

Nawatakia wiki njema. Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo ya bei ya sukari, mhariri wangu asije akanifukuza kazi.